Ratiba ya saa kwa saa haijui maji ya Lamu

Mhariri,

Vijana wetu wakitoka kwenye semina za biashara hurudi na ratiba ya namna moja: siku imekatwa saa kwa saa, kila saa na kazi yake, na kila Jumatatu ni nakala ya Jumatatu iliyopita. Kwa mtu wa ofisini ni sawa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Lamu, ambaye saruji na mbao zake huja kwa mashua, itamkwamisha ndani ya wiki, na sababu ni hesabu tu.

Maji kujaa huchelewa kwa dakika kama 50 kila siku. Zidisha kwa siku saba, upate karibu saa sita. Ukitega simu ikukumbushe kupakua mzigo kila Jumatatu saa nne asubuhi kwa kuwa Jumatatu hii maji yamejaa saa hiyo, Jumatatu ijayo utakuta yamekupwa, mashua imekaa mchangani na wachukuzi wanakutazama. Wiki inayofuata mambo hurudi karibu pale pale, ndiyo maana wengi hudhani ile ilikuwa bahati mbaya. Kazi ya maji haifuati siku ya wiki. Hufuata mwezi wa angani: ni bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, au ni maji mafu, yakisogea kidogo?

Nyakati za sala ndizo zisizoyumba. Hapa karibu na ikweta husogea kidogo tu mwaka mzima, na mji wote huzisikia bila kutazama saa. Basi chukua daftari, ukurasa mmoja kwa siku, uugawe mafungu matatu: kabla ya adhuhuri, adhuhuri hadi alasiri, alasiri hadi magharibi. Juu pembeni andika maji yatajaa na kupwa saa ngapi. Ukurasa wa kesho ujazwe usiku baada ya isha, kwa sababu ukingoja asubuhi, mteja wa kwanza ndiye atakayekupangia siku.

Kazi zisizidi sita: tatu nzito, tatu nyepesi, na nzito zitangulie kabla jua halijakuwa kali. "Fundi" si kazi. "Mpigie fundi aje apime mlango" ndiyo kazi. Kando yake andika muda unaodhani utatosha, kisha uongeze nusu yake. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tangu 1979 kwamba binadamu hukadiria muda mfupi kuliko unaohitajika, na wao hawakuwa na punda wa kupishana naye vichochoroni.

Yaliyobaki yote yakae kwenye orodha kuu, nyuma ya daftari. Hapo ndipo wengi huharibu: orodha mbili zinachanganywa, ukurasa unafika mistari thelathini, na mtu anaokota iliyo rahisi. Kazi iliyohamishwa siku tatu mfululizo ina kasoro. Pengine ni kubwa mno, ikatwe vipande. Pengine inamngoja mtu mwingine, basi andika jina lake na siku ya kumuuliza. Au huitaki tu. Ifute, hakuna atakayekushtaki.

Mtindo wa Pomodoro wa Mwitaliano Francesco Cirillo, yaani dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, kisha mapumziko marefu baada ya duru nne, unafaa sana kufunga hesabu za mwezi mlango ukiwa umefungwa. Kwenye kaunta hauna kazi. Vile visanduku vinne vyenye jina la Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani (muhimu na ya haraka, muhimu isiyo ya haraka, ya haraka isiyo muhimu, na isiyo lolote), ni vya kuchuja orodha kuu mara moja kwa wiki, si kila asubuhi.

Simu iachiwe mambo ya tarehe: leseni, kodi, dawa. Lakini kumbuka simu huandika 10:00 nasi twasema saa nne. Ukiandika "4" tupu, kijana wa dukani anaweza kufika saa kumi jioni. Andika "saa nne asubuhi", kwa maneno.

Gazeti lenu lingetufaa kwa jambo moja: kila Ijumaa lichape nyakati za maji kujaa na kupwa za wiki nzima, kando ya nyakati za sala. Tutazikata na kuzibandika ndani ya jalada la daftari.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu