Vuli nayo ni msimu, ipewe mbegu zake kwa wakati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mvua za vuli. Sisi wakulima wa Muheza, kama wenzetu wengine wanaopata mvua mara mbili kwa mwaka, tunazitegemea kwa chakula cha Januari na Februari, wakati ghala la masika limekwisha na mashamba yanatayarishwa upya. Hata hivyo, likija suala la pembejeo, vuli inachukuliwa kama nyongeza tu.

Hoja tunayopewa siku zote ni kwamba vuli haiaminiki. Ni kweli hubadilika kuliko masika. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, upepo wa kusi unapoingia, na mvua yake hukaa. Vuli huja kusi ikiwa imechoka na upepo wa kaskazi haujashika, Oktoba hadi Desemba, na wingi wake hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi. Upande wetu wa bahari ukipata joto kuzidi upande wa Indonesia, mvua humwagika kama Oktoba 2019, mkoa wa Tanga ulipokumbwa na mafuriko. Mambo yakigeuka, upande wetu ukapoa, mvua inakuwa haba.

Lakini bahari haipati joto kwa siku moja wala haipoi kwa siku moja. Dalili zake huanza kuonekana miezi kadhaa kabla, na kwa sababu hiyo wataalamu huibashiri vuli vizuri zaidi kuliko masika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kabla mvua hazijaanza. Mwaka 2022 ilitabiri vuli ya chini ya wastani, na kweli Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Mwaka 2023 ilitabiri mvua za juu ya wastani, na sote tuliziona. Kwa hiyo msimu huu tunaouita wa bahati nasibu ndio tunaopewa habari zake mapema. Kinachokosekana ni mbegu inayolingana na habari hizo.

Vuli iliyopita, duka la pembejeo tunalolitegemea hapa kwetu lilikuwa na mbegu ya mahindi ya aina moja, ile inayokomaa kwa zaidi ya miezi minne. Mbegu ya muda mfupi ilifika mvua zikikaribia kukatika. Wengi walipanda ile iliyokuwepo, maana ardhi imelowa na huwezi kukaa ukiitazama. Mahindi yalistawi, mabua marefu, majani ya kijani kibichi. Yalipotoa mbelewele na ndevu, kaskazi ilikuwa imeshashika na udongo unapasuka. Ukimenya hindi la shamba kama hilo unakuta punje mbili tatu hapa, nne pale, na ncha ya gunzi ni tupu. Mtu amelima, amepalilia mara mbili, amenunua dawa ya viwavijeshi, na anachopata ni chakula cha kuku.

Mbegu ya siku 90 ingekuwa na hesabu tofauti kabisa. Ukiipanda mvua za kwanza zinapotulia, inachanua baada ya siku kama 50, mvua bado ipo, kisha inakaukia kwenye jua la kaskazi. Jambo hili la kukauka halizungumzwi vya kutosha. Mahindi ya masika tunayavuna Julai na Agosti, mvua za mchoo zikirudisha unyevu kwenye maganda, na unyevu ndio unaokaribisha sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye punje. Ya vuli, yakipandwa kwa wakati, huingia ghalani makavu.

Na utabiri ukisema mvua ni chache, mkulima aambiwe hivyo waziwazi, na choroko na kunde viwepo dukani. Choroko hukomaa kwa miezi miwili na siku chache. Kunde unaanza kuchuma majani yake kabla hata ya mwezi na nusu, na hata mvua ikikatika familia imeshakula mboga. Muhogo nao upandwe mapema, ushike mizizi kabla ya kiangazi cha kaskazi.

Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imetusaidia, nasema hivyo kwa moyo mmoja. Lakini mbolea kwenye mbegu isiyoendana na mvua ni fedha ya serikali na jasho la mkulima vinavyopotea pamoja.

Naziomba halmashauri za wilaya zenye vuli zifanye jambo moja linalowezekana. Utabiri ukishatoka, maafisa ugani wakae na wauza pembejeo wa kata zao ndani ya wiki mbili, wakubaliane ni mbegu zipi zinahitajika mwaka huo na kiasi gani, kisha orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji na isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Ikifika Septemba 20 mbegu iwe dukani. Ikichelewa hadi Novemba, ni afadhali isiletwe kabisa, kwa sababu atakayeinunua ni yule asiye na chaguo lingine.

Mkulima,
Muheza, Tanga