Salamu za Idi, na usiku wa Umm Kulthum

Assalaam alaykum jamaa, majirani na nyote mlio mbali na nyumbani. Mwezi umeandama, alhamdulillah. Idi Mubarak! Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awarehemu tuliofuturu nao mwaka jana na leo hatunao.

Naandika huku vitunguu vya pilau vinakaangwa, kaimati zinangoja shira, na watoto wanavijaribu viatu vipya kwa mara ya tano. Fundi cherehani bado ana kanzu yangu. Kila nikimpigia ananiambia imebaki vifungo tu.

Kwangu mimi usiku huu ndio Idi yenyewe. Kesho ni kula na kutembeleana. Na usiku kama huu, nyumbani kwetu Unguja, marehemu bibi alikuwa haachi kupiga wimbo mmoja: Ya Laylat al-Eid, yaani "Ewe usiku wa Idi", wa Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri. Mpaka leo redio za nchi za Waarabu huupiga mkesha wa Idi. Sisi tulikuwa na kanda iliyokwishachoka, sauti ikizama na kuibuka, lakini hapana aliyethubutu kuizima.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba wimbo ule umetoka kwenye sinema. Ni Dananir, ya mwaka 1940, kisa cha kijakazi mwimbaji wa Baghdad nyumbani kwa Jaafar al-Barmaki, waziri wa Khalifa Harun al-Rashid. Maneno ni ya mshairi Ahmed Rami, lahani ya Riyad al-Sunbati.

Umm Kulthum alicheza sinema sita tu, kuanzia Widad ya 1936, kazi ya mwanzo ya Studio Misr, kampuni ya sinema ya Cairo, mpaka Fatma ya 1947. Niseme kweli, kuigiza hakukuwa fani yake. Husimama kama mtu anayengoja kupigwa picha. Lakini ikifika zamu ya kuimba, basi, hadithi nzima unaisahau. Mimi naipenda zaidi Sallama ya 1945, yenye nyimbo za Zakariyya Ahmad na Bayram al-Tunisi. Pale Kiarabu chake kinanukia kijijini.

Na kijijini ndiko alikotoka. Baba yake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa Tamay al-Zahayra, kwenye Delta ya Nile, na akiongeza riziki kwa kusoma kasida maarusini na kwenye maulidi pamoja na mwanawe wa kiume. Binti alikuwa akisikiliza pembeni na kuhifadhi. Baba alipoigundua sauti ile akaanza kumchukua, lakini akimvisha nguo za kivulana, kwa kuona haya mtoto wa kike kusimama mbele za watu. Chuoni alisomeshwa Kurani, na hilo huhitaji kuambiwa: sikiliza kila herufi inavyotoka kwenye makhraji yake, pale hasa inapotakiwa kutamkiwa. Miaka ya 1920 familia ikahamia Cairo. Redio ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934 alikuwemo tangu mwanzo, na baadaye Alhamisi ya kwanza ya mwezi ikawa yake. Watu walikaa karibu na redio mpaka usiku wa manane.

Wimbo wetu wa Idi nao una kisa chake. Mwaka 1944, mkesha wa Idi, alikuwa akiuimba kwenye klabu ya Al Ahly, Cairo, akatokea Mfalme Farouk bila kutarajiwa. Umm Kulthum hakubabaika. Maneno yaliyokuwa ya Baghdad akayageuza papo hapo yakawa ya Misri na ya mfalme wake. Usiku uleule akatunukiwa Nishani ya Ukamilifu, ambayo ilikuwa ya mabibi wa nyumba ya kifalme, na baadhi ya mabibi hao walinuna kweli kweli. Mtoto wa imamu wa kijijini!

Kwetu Unguja sauti hizi hazikuwa ngeni. Ngoma za Cairo zilianza kuingia tangu Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipompeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki, na ukisikiliza kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na fidla za kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa utajua wametoka wapi. Sinema nazo zilikuwa sehemu ya sikukuu. Bibi alikuwa akituhadithia maonyesho ya wanawake peke yao: mabuibui mapya, udi, na vilio humo ndani kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Nikimuuliza hadithi ilihusu nini, alikuwa akinijibu, "Hadithi sikumbuki, mwanangu. Nakumbuka kuimba."

Umm Kulthum alifariki tarehe 3 Februari 1975. Jeneza lake watu waliliondoa mabegani mwa waliolibeba, wakazunguka nalo mitaani wenyewe.

Haya, pilau inaniita. Kesho baada ya sala mlango uko wazi. Visheti vipo, kahawa ipo, na mkono wa Idi wa watoto nimeshaukunja kwenye noti mpya, wakubwa msinitazame. Mlioko Muscat, Dubai na London, pigeni simu usiku huu kabla sijalala. Kanda ya bibi imeshakufa zamani, lakini wimbo ninao kwenye simu, nitawawekea msikilize.

Idi Mubarak, kullu aam wa antum bikheir.