Dada, msimcheke Bibi Mdogo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba na Mama nawaamkia, wadogo wote nawasalimu. Mimi mzima, kazi ipo, baridi ipo, hayo tuyaache.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Fedha ya tuisheni nitaituma mwisho wa mwezi, hilo lisikusumbue. Nilichokuwa nakirudia ni pale nyuma ya maneno yako, mwanao Bibi Mdogo aliposema, "My mother, he is sleeping." Kaka akaangua kicheko, na mtoto akanyamaza kimya. Kimya kile kimeninyima usingizi.

Kaka amekosea sana. Kwa Kiswahili mama amelala, baba amelala, na "yeye" ni huyohuyo, awe mwanamume au mwanamke. Mtoto wa miaka sita leo anatakiwa achague "he" au "she" kila akifungua kinywa, tena papo hapo. Akikosea, wewe mjibu kwa upole tu, "Yes, she is sleeping. Is she tired?" Basi. Usimkatize, usimlazimishe kurudia. Akilisikia neno sahihi mara nyingi ndani ya mazungumzo, litaanza kumtoka lenyewe.

Na hiyo amri ya Kaka ya kupiga marufuku Kiswahili nyumbani, eti ndipo mtoto ajue Kiingereza, siikubali, mwambie nimesema mimi. Huku ripoti za idara yetu naandika mimi, kwa Kiingereza, na mwezi uliopita mkuu wangu alinipa barua za wenzangu, waliozaliwa na lugha hiyo, nizipitie kabla hazijatoka. Mimi niliyelelewa kwa Kiswahili kitupu! Mtoto anayejua "kitabu, vitabu" umoja na wingi ameshauelewa. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba sisi tunageuza mwanzo wa neno, wao kwa kawaida huongeza "s" mwishoni.

Mchoree paka wawili na mbwa wawili. Aweke vidole kooni aseme "cats", kisha "dogs", avute ule mwisho. Kwenye "cats" koo litatulia, kwenye "dogs" litaendelea kutetemeka, kwa sababu "s" ile hutamkwa "z". Mwanangu nilipomfundisha hivyo alizunguka nyumba nzima ameshika koo, anataja kila alichokiona. Sikuwahi kumtajia neno sarufi.

Akisema "foots", usinune. Maana yake kanuni ameishika, ila amekutana na neno lisiloifuata, "feet" ataizoea. Kitakachomchelewesha ni "a", "an" na "the", maana sisi hatuna vitu hivyo. Hapo afuate sikio: "a book", lakini "an egg", na hata "an hour", kwa kuwa "h" yake haisikiki. Habari za nomino na vivumishi ziacheni kwanza. Dakika kumi kwa siku zinatosha, na akianza kupiga miayo, fungeni.

Ukiniuliza mimi, kumkaririsha kanuni mtoto wa umri huo ni kumchosha bure. Ningependa fedha hiyo ya tuisheni ununue vitabu vya hadithi vyenye picha kubwa, umpakate, usome huku unamwonyesha kidole: "She is running. He is running." Lakini wewe ndiye mama yake, uamuzi ni wako.

Natamani ningekuwa mimi nimempakata. Nilipoondoka alikuwa hajajua hata kusema jina langu, na sasa anatunga sentensi za lugha mbili, nami nazisikia kwa simu, tena kwa kuiba.

Siku Kaka akiwa hayupo, mpe simu akae peke yake. Anitumie sentensi yoyote ya Kiingereza, hata yenye makosa matupu. Tangu ujumbe ule sijamsikia tena.

Mdogo wako akupendaye