Kwa mdogo wangu aliyeshuka ngazi mapema

Mdogo wangu mpendwa,

Ninakuandikia hapa, mbele ya watu, kwa sababu uliyoyasema siku ya mazishi uliyasema mbele ya watu. Ulishika kipaza sauti ukasema kwamba Baba alikuwa mwalimu mwema, ila uzeeni alianza kuamini mambo ya ajabu, kama vile kwamba kufuli na karatasi huanguka kwa kasi moja. Waombolezaji walicheka. Nilinyamaza kwa kuwa kaburini si mahali pa kusahihishana, na kimya changu usikihesabu kuwa ni kukubali.

Jioni ile kwenye paa la fleti, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, nilikuwa nimemshika Baba kiunoni ili aweze kuinua mikono yote miwili. Aliachia kufuli na karatasi kwa pamoja, kutoka usawa wa mabega. Kufuli liligonga sakafu. Karatasi ikayumba, ikaenda kutua karibu na ndoo. Ukasema, "Umeona, Mzee? Hata mtoto mdogo anajua," ukashuka ngazi, maana gari lilikuwa likikungoja stejini.

Hukungoja mara ya pili. Mwanangu aliokota ile karatasi, ambayo Baba alikuwa ameichana asubuhi akilowesha kingo zake kwa mate ili iwe ndogo kidogo kuliko daftari. Aliilaza juu ya daftari bila gundi, akaviachia. Vilifika chini pamoja, karatasi ingali imelala pale juu kana kwamba imebandikwa. Daftari lilikuwa limeikinga na hewa, na hewa peke yake ndiyo iliyoichelewesha mara ya kwanza. Baba aligeuka kuangalia mlango wa ngazi, na sura yake wakati ule sijaweza kuisahau, wala wewe sijaweza kukusamehe.

Dunia hulivuta kufuli kwa nguvu kubwa kuliko inavyoivuta karatasi. Hapo ulikuwa sahihi. Ambalo hukungoja kulisikia ni kwamba kufuli nalo ni gumu zaidi kusukumwa, tena kwa kiasi kile kile, na kwa hiyo pasipo na hewa kila kimoja huongeza mwendo wa takriban mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Mwaka wa 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya akiwa Mwezini, ambako hakuna hewa, vikagusa vumbi kwa pamoja.

Mwezi wenyewe ulikuwa umeshachomoza upande wa Kayole, na Baba akamwambia mwanangu kwamba nao unaanguka. Uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, karibu mara 60 ya umbali kati ya kitovu cha Dunia na hapa tunapokanyaga, na kwa kanuni aliyoichapisha Newton mwaka wa 1687 mvuto hupungua kwa umbali ukizidishwa kwa wenyewe, hivyo unaoufikia ni hafifu mara 60 kwa 60, yaani 3,600, kuliko wetu. Katika sekunde ya kwanza kufuli lingeanguka karibu mita 5. Mwezi huanguka kuja kwetu milimita moja na kitu tu, huku ukisonga mbele takriban kilomita moja, na ndiyo maana hauishi kutuzunguka. Sayari nazo huliangukia Jua vivyo hivyo: Zebaki, iliyo karibu, humaliza mzunguko kwa siku 88, na Neptuni kwa miaka ipatayo 165. Hayo yote yalikuwa yako pia, ungesubiri dakika kumi.

Wewe unaendesha matatu, ndugu yangu, kwa hiyo mambo haya unayashika mkononi kila siku. Ukikanyaga breki, abiria hurushwa mbele kwa sababu miili yao bado inaendelea na mwendo ule wa awali. Ukiongeza kasi maradufu, gari litahitaji karibu mara nne ya umbali ili breki zilisimamishe. Tafadhali likumbuke hilo usiku, Thika Road ikiwa tupu. Nakuambia kwa sababu nakupenda, na sitaki kusimama tena kaburini mwaka huu.

Najua unawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyempandisha mgonjwa ghorofa tano. Nilimpandisha kwa kuwa aliniomba mara tatu, tukapumzika katika kila ghorofa, na kwa sababu alisema anataka wewe uwepo. Kama ningemwachilia nikukimbilie ngazini, angeanguka. Ningefanya nini?

Jumapili mwanangu atapanda juu na lile daftari saa kumi na moja jioni, kabla upepo haujaanza. Karatasi ya Baba bado imo ndani.

Dada yako