Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mgonjwa asiye na ndugu mjini

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmefunga biashara Kariakoo ili mfike, na wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja.

Mambo ya mwaka huu ni mengi, ila nitakaa zaidi kwenye moja, maana ndilo lililoninyima usingizi: mgonjwa anayetoka Komoro kuja kutibiwa hapa Dar es Salaam akiwa hana mtu. Kutoka Moroni hadi hapa ni safari ya ndege isiyofika saa mbili. Mtu akiambiwa kule kwamba ugonjwa wake unataka hospitali kubwa, huuza alichonacho akaja. Anafika na fedha kidogo za matibabu na namba ya simu ya mwenyeji ambaye wakati mwingine hapokei. (Na tafadhali, tusiwaite wote Wangazija, maana hao ni watu wa kisiwa cha Ngazija. Wanaotoka Nzwani na Mwali wana visiwa vyao, na jambo hilo linawagusa.)

Sisi wenyeji tunasahau jinsi hospitali inavyomtegemea ndugu. Nesi anachoma sindano, daktari anaandika dawa, lakini nani anapanga foleni dirishani? Nani anafuata majibu maabara, analeta uji asubuhi, anaondoka na kanga chafu akazifue? Mama wa Temeke ana mdogo wake, ana shemeji, ana jirani wa kumpokeza hotipoti. Mama wa Nzwani analala pale, anatazama vitanda vya wenzake vikizungukwa na watu. Kazi ya chama hiki ni kusimama kwenye kitanda hicho.

Mwanzoni mwa mwaka tulikosea, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa ni mimi niliyeshauri tupange chumba cha wagonjwa Mbagala kwa sababu ya kodi nafuu. Tiba ya mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, mara nyingi kwa wiki tano, sita, hata saba. Mgonjwa hukaa kwenye mashine dakika chache, kisha anarudi alikofikia, wengi hawalazwi. Mzee mmoja tuliyemweka Mbagala alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anapanda daladala mbili hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Ngozi ya shingo ilikuwa imeungua kwa mionzi, na nilipomtembelea nilikuta ameikata kola ya shati kwa wembe ili isimkwaruze. Siku mbili foleni ya magari ilimshinda, akachelewa, akarudi bila kutibiwa. Daktari alitufafanulia kwamba siku zikirukwa, uvimbe unapata nafasi ya kukua tena. Wiki ileile tulihamia eneo la Gerezani. Chumba ni kidogo na kodi imepanda, lakini kwa bajaji ni mwendo mfupi, na tangu hapo hakuna mgonjwa wetu aliyekosa dozi kwa ajili ya usafiri. Wanaolalamikia kodi hiyo nawaelewa. Hata hivyo sitapendekeza turudi Mbagala.

Lugha nayo ina mambo yake. Tunadhani Kikomoro na Kiswahili ni ndugu wa karibu, kwa hiyo tutaelewana tu. Bibi mmoja, kila kijana wetu alipomletea chai, alimjibu "marahaba". Kijana akaona aibu, akadhani bibi anamsuta kwa kutomwamkia, akawa anamwahi na shikamoo kila akiingia. Kumbe kwao "marahaba" ni asante. Hilo dogo. Kubwa ni vyeti: wanakuja na ripoti za hospitali zilizoandikwa kwa Kifaransa, na madaktari wetu wanaandika kwa Kiingereza. Tuna wanachama wawili tu wanaosoma Kifaransa vizuri, na nimeshaona vipimo vikirudiwa, na kulipiwa tena, kwa kuwa hakukuwa na wa kueleza kwamba vilishafanyika. Mwenye mtoto au jamaa aliyesoma Kifaransa amlete.

Kuhusu damu, mnajua hali. Ndugu huombwa wachangie kufidia akiba iliyotumika, na mgeni hana wa kumpigia simu. Vijana wetu wamejitoa sana na nawashukuru mbele yenu wote. Lakini mwanaume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne, hivyo hatuwezi kuwarudia walewale. Kila mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, aandikishe jina lake, tupange zamu kwa miezi.

Tumezika pia. Mmoja wa wagonjwa wetu alifia wodini usiku, na familia, baada ya kuzungumza na ubalozi wao hapa mjini, ikaridhia azikwe Kisutu. Kina mama walishona sanda, kina baba wakachimba na kubeba. Mwanawe alikuwa Moroni. Kijana wetu alishika simu juu ya kaburi ili asikie dua, na upepo ukawa unakata sauti, naye akiuliza tena na tena, "Mmemlaza upande gani?" Tukamjibu kwamba amelazwa kwa ubavu wa kulia, ameelekezwa Qibla. Akanyamaza, kisha akasema marahaba.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu halitawafurahisha. Picha za wagonjwa kwenye kundi letu la WhatsApp zikome leo. Najua nia ni kuhamasisha michango, na ni kweli picha inaleta fedha haraka. Lakini nimeona picha ya mama wa watu, kichwa wazi, bomba la mkojo likionekana, ikizunguka hadi kwa watu wasiotuhusu. Yule mama alikuja kwetu kwa sababu hana ndugu. Je, ndugu angemfanyia hivyo? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, lakini hata isingekuwepo, msimamo wangu ungekuwa huuhuu. Michango ikipungua, tutapita madukani kwa miguu kama tulivyoanza.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na risiti zote anazo hapa. Chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 tunatakiwa kupeleka kwa Msajili taarifa ya kazi za mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Katibu ameshaanza kuziandaa, msimcheleweshee saini zenu.

Fedha zipo kidogo, na Mungu huleta. Kinachotupungukia zaidi ni watu wa asubuhi. Mama mmoja kutoka Mwali anaanza mionzi kesho kutwa, na anahitaji mtu wa kumchukua Gerezani saa kumi na mbili na nusu na kukaa naye hadi amalize. Daftari la zamu liko mezani kwa katibu. Jumanne na Alhamisi zimepata watu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bado hazina jina.