Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama chetu cha historia mnazijua, sitawachosha nazo. Tulikutana mara 9, tukasoma habari za Owain Glyndŵr, kiongozi wa Wales, na uasi wake wa 1400 dhidi ya Uingereza, tukaijadili ramani ya Hereford, ile ya dunia ya enzi za kati, na chai haikukosekana hata mara moja. Akina mama wa kamati ahsanteni sana. Mkutano wa Februari tulihudhuria watu 6. Sita, na chama kina wanachama 58.

Nije kwenye safari, maana ndiyo iliyoleta maneno.

Wengi mlitaka twende kwenye ngome ya Conwy, kaskazini mwa Wales. Kamati, kwa pendekezo langu, iliamua ngome ya Chepstow, iliyo mpakani, na tangu hapo nimesemwa sana: eti chama nimekifanya mali yangu, eti nimewapeleka watu kutazama magofu. Nieleze mara moja. Mada tuliyojiwekea sisi wenyewe ilikuwa mpaka wa Uingereza na Wales. Conwy ilianza kujengwa 1283, Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, ameshauawa Desemba iliyotangulia. Ile ni ngome ya mshindi, Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza. Anayetaka kuujua mpaka wenyewe aende Chepstow, alikoanza kujenga bwana wa Kinormani, William fitzOsbern, mwaka 1067, mwaka mmoja tu baada ya Wanormani kushinda vita vya Hastings na kuitwaa Uingereza, juu ya jabali, mto Wye ukipita chini yake. Mabwana wa mpakani walijijengea ngome bila kumwomba mfalme ruhusa, wakawa na mahakama zao, wakapigana vita vyao wenyewe, hadi sheria ya 1536 ilipowavunjia mamlaka. Hayo Conwy isingetufundisha.

Halafu kuna ile milango ya Chepstow. Ni ya mwaloni, ya lango kuu, miti yake ilikatwa kabla ya 1200, na sasa imehifadhiwa ndani isinyeshewe. Upande wa nje imevikwa mabamba ya chuma. Ukizunguka nyuma unaona mbao zimepishanishwa kama wavu, zimeungwa kwa ndimi na matundu. Mwenzetu mmoja ambaye ni fundi seremala alichuchumaa hapo. Tukamwacha, tukaenda hadi mnara mkubwa, tukarudi tukamkuta palepale. Jioni tukapitia Sedbury, karibu na hapo, kuliona tuta refu la mpakani la Mfalme Offa wa Mercia, ufalme wa kale wa Uingereza, handaki lake likiwa upande wa Wales. Aliyekuja hakulalamika. Waliolalamika ni waliobaki nyumbani.

Na waliobaki ni wengi. Basi lilikuwa la viti 49, tukalikodi kwa pauni 610. Waliosafiri 21, waliolipa nauli ya pauni 30 ni 14. Pengo la pauni 190 nimelitoa mfukoni mwangu, na sijalidai wala sitalidai, ila naomba lijulikane. Ada ni pauni 24 kwa mwaka. Waliolipa ni 25 kati ya 58. Majina ya wasiolipa ninayo, leo siyataji. Lakini inauma mtu kukushutumu kwa matumizi ya fedha ambazo yeye hakuzitoa.

Mwakani, tukijaliwa, tungependa kufika kwenye ngome ya Montgomery, au ya Caerphilly, na hata hiyo Conwy, hali ya mfuko ikiruhusu. Kuna wazo pia la kutafuta ukumbi wenye joto zaidi; kamati inaendelea kuulizia.

Daftari la ada liko kwa mweka hazina, meza ya karibu na mlango. Atakuwepo hadi mwisho wa mkutano.

Mwenyekiti