Dada wa kanga ya kijani, Shangani Mtwara

Dada, jina lako sikuuliza, na kosa ni langu. Jumanne asubuhi nilikuwa duka la dawa nikinunua bomba za sindano, paka wangu kajikunja kikapuni, kalegea kama kitambaa kilicholowa. Ana kisukari, namchoma insulini, dawa ya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Ukachungulia, ukauliza, "Kala?" Nikasema tangu jana hata dagaa hagusi. "Basi usimchome kwanza, mama. Sukari itazidi kushuka." Nami ndiyo nilikuwa naenda kumchoma!

Ukakimbilia duka la jirani kuleta asali, ukampaka ufizini kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Wenzetu pale walicheka, eti paka naye ana kisukari. Wewe hukucheka. Ukapanda bajaji nasi hadi kwa daktari wa mifugo. Alipomtoboa sikio, kipimo cha sukari kikasoma 2.4, imeshuka mno. Dozi imepunguzwa.

Nauli ulikataa nikurudishie. Jana kala mnofu wa changu wa kuchemsha, akanililia wa pili. Ukipita Shangani, ulizia mama mwenye paka. Korosho zako nimeshakaanga, ziko kwenye kopo.